Barker Amekuwa Mpole

Mnara wa ITV tuliuona kutoka uani kwetu. Barabara ya Mwai Kibaki ilikuwa bado ni Old Bagamoyo Road, na ukitoka Mikocheni B kuelekea eneo la viwanda, walikokuwa ITV na Radio One, ulipita kwanza michongoma iliyokatwa vizuri ya wakubwa, kisha michongoma iliyojiotea ya sisi wengine, kibanda cha chipsi chenye mafuta ya jana, na malori ya soda yakitoka kiwandani huku makreti yakigongana kama yanagombana. Wenzetu wa Mbagala na Gongo la Mboto walipanda juu ya bati kugeuza antena huku mtu akipiga kelele kutoka sebuleni, "Rudisha kidogo! Hapo hapo! Ah, umepitiliza!" Sisi picha ilitujia safi hata kwa waya wa kuanikia nguo. Tulijiona majirani wa televisheni, na jirani hasumbuliwi na chenga.

Waigizaji tuliwaona kwa macho. Walishuka daladala kama watu wengine, wakanunua karanga za kwenye kikaratasi, tukawaita kwa majina ya kwenye mchezo nao wakaitika. Lakini sikumbuki hata mara moja mtu wa mtaani kwetu akiuliza maneno yale wanayoyasema nani kayatunga. Mchezo ukinoga, sifa zilikwenda kwa mwigizaji. Ukichacha, lawama zilikwenda kwake vilevile. Siku hizi hilo ndilo swali la kwanza ninalouliza, na ninajua limeanzia wapi.

Limeanzia kwenye redio. Mpaka mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, ilhali Zanzibar walikuwa wakitazama picha za rangi tangu miaka ya 1970, jambo ambalo ndugu zetu wa Unguja hawakuacha kutukumbusha. Julai 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha *Twende na Wakati*, mara mbili kwa wiki, nusu saa, jioni ile ambayo mama anapepea jiko la mkaa na watoto wanaitwa kuoga. Redio yetu ilikuwa National yenye kava la ngozi lililotobolewa vitundu mbele, na betri zikichoka tulizianika juu ya ukuta mchana kutwa, zikapata nguvu ya kutufikisha kwenye muziki wa kufungia kipindi, mara nyingine zikakata roho Mkwaju akiwa katikati ya uongo wake.

Mkwaju wanaomkumbuka ni wengi. Dereva wa lori, ana mwanamke kila anaposimama, na nyumbani kuna mkewe, Tunu, aliyevumilia mpaka uvumilivu ukamwisha, akaachana naye na kuanza kujitafutia. Mkwaju akapata ukimwi, akafa. Siku hizo hakukuwa na namna nyingine ya kumaliza kisa kama kile. Dawa hazikuwepo, na kila mtaa ulikuwa na nyumba ambayo watu waliingia kimyakimya na kutoka kimyakimya.

Nilipokuwa mtu mzima nikasoma habari za mchezo ule na kukuta kwamba ulikuwa umepangwa kama mkakati wa vita. Fedha zilitoka UNFPA, ujuzi ulitoka kwa shirika la Population Communications International la New York, na njia yenyewe ilikuwa ya Mmeksiko, Miguel Sabido, aliyeanza kutumia michezo ya televisheni kubadili tabia za watu katika miaka ya 1970. Wakenya walikwishaijaribu kabla yetu kwa mchezo wa redio *Ushikwapo Shikamana* mwaka 1987. Kwetu hapa mtafiti Everett Rogers na wenzake walifanya jambo ambalo bado linanishangaza: mtambo wa Dodoma uliachwa urushe vipindi vingine mpaka mwaka 1995, ili waliosikia walinganishwe na wasiosikia. Watu wa Dodoma walimkosa Mkwaju miaka miwili kwa faida ya sayansi.

Kwa njia hiyo ya Sabido, kabla mwandishi hajaandika neno moja, kuna jedwali. Limekwishakubaliwa nani mwema, nani mwovu, nani anayumba katikati na atabadilika taratibu ili msikilizaji abadilike naye. Mwandishi akiondoka, mwingine anakuta ramani mezani. Nyumba haianguki. Kwa mchezo wa miaka mingi hiyo ni nguvu kubwa, na nadhani ndiyo sababu *Twende na Wakati* iliendelea miaka mingi baada ya Mkwaju kuzikwa.

Ila ramani inakuambia Mkwaju ni mbaya. Haikuambii kwamba Mkwaju anachekesha. Ile ladha ya uongo wake, ile sauti ya mwanamume anayejua kabisa kwamba hasadikiki na bado anaendelea, ilitoka kwa mtu fulani aliyekaa na kalamu, akijua madereva wa malori wanavyozungumza wakisubiri zamu ya mzani. Kwa masikio yangu, kadiri miaka ilivyokwenda, wahusika walizidi kusema sawasawa na mabango ya kliniki. Ujumbe ulikuwa uleule, hata ulinyooka zaidi. Baba akaanza kuhamisha mawimbi.

Kisha ikaja televisheni, na pamoja nayo vikundi vya maigizo. Ukitaja Kaole Sanaa Group kwa mtu wa Dar es Salaam wa rika langu, uso wake unabadilika. Bi Mwenda akikunja kipaji tu, mtoto anajificha nyuma ya kochi. Muhogo Mchungu, Swebe, Dokta Cheni, Johari, Ray, na kuanzia mwaka 2002 kijana mrefu kutoka Shinyanga aitwaye Steven Kanumba. Michezo ilikuwa na majina ya kutisha kama utabiri wa hali ya hewa: *Tufani*, *Gharika*, *Jahazi*, *Baragumu*. Sebule moja ilijaa watu wa nyumba nne, na waliokosa nafasi walisimama dirishani nje, wakifukuza mbu kwa khanga na kuuliza "Amesema nini? Amesema nini?" kwa sababu sauti ya kurekodi ilikuwa ya kubahatisha.

Huko mambo yalikuwa kinyume kabisa na redio. Hakukuwa na jedwali, na aghalabu hakukuwa na skripti. Vikundi vingi vya wakati ule vilifanya kazi hivi: kiongozi anasimulia kisa, anagawa nafasi, anaeleza sini inaanzia wapi na iishie wapi, basi, maneno mtajua wenyewe. Ugomvi wa mke na mama mkwe ulitungwa papo hapo mbele ya kamera na wanawake wawili waliojua ugomvi. Ndiyo maana lugha yao ilikuwa hai kiasi kile. Ilikuwa lugha ya Magomeni na Manzese, yenye mafumbo na vijembe, ambayo mwandishi wa ofisini angehangaika wiki nzima kuipata.

Maana yake ni kwamba kalamu ilikuwa mdomoni mwa mwigizaji. Akiondoka mwigizaji, ameondoka mwandishi. Na wakaondoka. Mwaka 2003 George Tyson alitoa filamu ya *Girlfriend*, soko la filamu za kanda na baadaye za diski likachangamka Kariakoo, na waliokuwa wakiigiza kwa nauli wakaona pesa. Ray na Johari wakaanzisha RJ Company, Kanumba akawa na kampuni yake, Kanumba The Great Film. Nani angewalaumu? Michezo ya kila wiki ikabaki na wahusika waliovaa nguo zilezile na kuishi nyumba zilezile, lakini mafumbo yameisha, kila mtu anasema moja kwa moja anachotaka kusema. Pale kijiweni watu walisema Kaole imechuja. Ilikuwa imebadilishiwa waandishi, bila mtu yeyote kujua kwamba ilikuwa nao.

Lakini tamthilia iliyonifundisha hasa ni *Isidingo*.

Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Kwa wadogo: ilikuwa tamthilia ya Afrika Kusini, iliyobuniwa na Gray Hofmeyr, yule yule aliyeongoza filamu ya *Mr Bones*, na ilianza SABC 3 Julai 1998. Ilihusu mji wa mgodi wa dhahabu uitwao Horizon Deep. ITV wakaileta, ikiwa nyuma ya Afrika Kusini kwa kipindi kirefu, hivyo mtu mwenye ndugu Johannesburg aliheshimiwa mtaani kama nabii, kwa kuwa aliweza kupiga simu na kujua nani atakufa. Barker Haines na hila zake. Cherel, mwanamke mwenye tabasamu la kukutoa jasho. Familia ya Matabane. Nandipha.

Shangazi yangu hakukosa hata siku moja. Alikuwa anauza vitumbua asubuhi na jioni hakuna aliyeruhusiwa kumsogelea, ila mimi, kwa sababu mimi nilikuwa mkalimani. Isidingo ilisemwa kwa Kiingereza na lugha za huko kwao, maandishi ya Kiingereza yakipita chini, na shangazi Kiingereza chake kilikuwa cha "good morning" na "how much". Nikakaa kwenye mkeka karibu na miguu yake, harufu ya unga wa mchele na iliki bado iko mikononi mwake, nikawa ninamwambia Barker anasema nini. Barker alisema sentensi tano, mimi nikasema mbili, lakini mbili zenye sumu. Barker akinyamaza, mimi sikunyamaza. Nilimpa vitisho ambavyo Hofmeyr hakuvijua, na methali za Kizaramo nilizosikia kwa bibi mzaa mama.

Kisha nikachaguliwa kwenda kidato cha tano, bweni, Mbeya. Kazi yangu akaichukua binamu yangu, mtoto mpole, mwenye alama nzuri za Kiingereza kuliko zangu, anayetafsiri kila neno kama lilivyo. Niliporudi likizo, hata begi sijalitua, shangazi akaniweka kitako.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mchezo umeharibika."

"Umeharibikaje?"

"Tangu uondoke, Barker amekuwa mpole. Anaongea kama mwalimu wa dini. Wamembadilisha yule."

Binamu yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, hakusema kitu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, shangazi akakasirika akidhani namcheka yeye. Barker alikuwa Barker yuleyule, Robert Whitehead yuleyule, uso uleule. Kilichobadilika ni mtu mmoja kwenye mkeka.

Tangu hapo sijaweza tena kutazama tamthilia kama zamani. Nikaanza kusikia mabadiliko ya mkono. Na kwenye *Isidingo* yenyewe, niliporudi kuitazama kwa masikio mapya, niliyasikia: kwa miaka ile zaidi ya ishirini waandishi wakuu walipokezana, na kila mmoja alikuwa na mapenzi yake. Mgodi ulizidi kurudi nyuma, wachimbaji wakapungua kwenye kioo, na kituo cha televisheni cha Barker, ON!TV, kikajaza sini. Watu wa vumbi wakawaachia nafasi watu wa suti. (Sisi wa Mikocheni tuliotazama kituo cha kubuni cha ON!TV kupitia kituo halisi kilichokuwa ng'ambo ya barabara hatukuona ajabu yoyote.) Cherel, Michelle Botes, aliondoka, akarudi, na aliporudi alikuwa na mavazi yote ya Cherel lakini nilihisi mtu aliyekuwa akimwandikia ametazama Cherel, hajaishi naye. Botes alifariki Desemba 2024, na nilishangaa kuona watu wangapi huku kwetu walimlilia kwa jina lisilo lake.

Sisemi kila badiliko lilikuwa hasara. Nandipha ananikataza kusema hivyo. Hlubi Mboya aliigiza msichana anayeishi na virusi vya ukimwi, na msichana yule hakufa. Alipenda, aligombana, alifanya kazi, alikosea, mwaka baada ya mwaka. Waandishi wa Mkwaju mwaka 1993 wasingeweza kumwandika Nandipha, si kwa kukosa kipaji. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini kwetu mwaka 2004, na mtu aliyezoea kisa cha Mkwaju alihitaji kumwona mtu mwingine kwenye kioo kabla hajasadiki kwamba kidonge kile kingemsaidia. Pale mtaani namjua mmoja aliyesadiki kwa njia hiyo. Mkono mpya mara nyingine huja na habari mpya, na mkono wa zamani, kwa uzuri wake wote, ungeendelea kuzika watu.

Wamarekani, ambao tamthilia zao ziliweza kuishi miaka hamsini na zaidi, waliliona tatizo hili mapema kwa sababu kwao mwandishi mkuu ni cheo kinachojulikana. Douglas Marland, aliyeandika *As the World Turns* tangu 1985 hadi kifo chake 1993, aliacha mashauri kwa watakaomfuata, na kiini chake ni unyenyekevu mtupu: itazame tamthilia kwanza, jifunze historia yake, usimfukuze mtu kabla ya nusu mwaka kupita. Waingereza nao wana *The Archers*, mchezo wa redio ulioanza kurushwa nchi nzima mwaka 1951 kuwafundisha wakulima kilimo bora, babu wa *Twende na Wakati* ukipenda. Mwaka 2013 akaja mhariri mpya, Sean O'Connor, kutoka dunia ya televisheni, na wasikilizaji wa zamani wakapiga kelele kwamba kijiji chao kimeingiliwa na mikasa ya mjini. Halafu mhariri huyohuyo akawapa kisa cha Helen na mume wake mnyanyasaji, Rob, kilichotambaa polepole kwa miaka mpaka kisu kilipotoka Aprili 2016, na Uingereza nzima ikawa inazungumza juu ya ukatili wa majumbani. Waliopiga kelele na waliosikiliza kwa kushika pumzi walikuwa watu walewale.

Siku hizi sebule yetu ni tofauti. Antena ilishuka Dar es Salaam Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa, kikaja king'amuzi, ikaja rimoti ambayo betri zake bado tunazianika, tabia haina dawa. Michongoma imekuwa kuta. Kibanda cha chipsi ni ghorofa.

Na tamthilia zinasema Kiswahili. Azam walipoileta *Sultan*, ile ya Kituruki ya Suleiman na Hurrem, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili kizuri kabisa, kazi ya ukalimani wa mkekani ilikufa siku hiyohiyo. Hakuna mtoto tena anayeketi miguuni pa shangazi yake kumwongezea Barker sumu. Shangazi mwenyewe, sasa ni mtu mzima sana, miguu inavimba, alitazama mwanzo hadi mwisho bila kumhitaji mtu. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilijisikia pia kama fundi cherehani aliyeona duka la mitumba likifunguliwa mlango wa pili.

Hurrem alipobadilika, shangazi alikasirika, kama walivyokasirika wote. Meryem Uzerli aliiacha nafasi ile mwaka 2013, akaingia Vahide Perçin. "Sasa huyu ndiyo nani?" Nikamwambia kuna badiliko lingine kubwa kuliko hilo ambalo hakuliona. Meral Okay, mwanamke aliyeibuni na kuiandika tamthilia ile, alifariki kabla haijaisha, Aprili 9, 2012, na kazi ikamaliziwa na mwingine, Yılmaz Şahin. Siku mbili tu baada ya Kanumba, aliyetutoka Aprili 7, ambaye mji mzima ulikwenda kumzika Kinondoni.

"Hilo sikuliona," shangazi alisema. "Mbona walikuwa wanaongea vilevile?"

Nimelifikiria sana jibu lile. Kwa masikio yetu walikuwa wanaongea vilevile kweli, kwa sababu, nadhani, waliotafsiri na kuingiza sauti ni walewale mwanzo mpaka mwisho, na Kiswahili chao kilipita juu ya ufa kama plasta. Waturuki walibadilishiwa mwandishi. Sisi hatukubadilishiwa.

Za kwetu wenyewe nazo zimekua. *Huba*, *Jua Kali*, na nyingine za Maisha Magic Bongo: picha safi, sauti safi, mtu akinong'ona unasikia. Zina skripti. Zina vikao vya waandishi. Na *Jua Kali* imefanya jambo ambalo Kaole haikufanya: muuza genge wa kona yetu anajua kwamba mwenye tamthilia ile ni Lamata, Leah Mwendamseke, na akikasirishwa na kisa anamlaumu Lamata kwa jina, si dada aliyeigiza. Kwangu hayo ni maendeleo makubwa kuliko kamera. Novemba 2024 Grace Mapunda, Tessa wa *Huba*, alipofariki, watu walilia mitandaoni usiku kucha, na mimi baada ya kutoa pole yangu nikawa ninawaza kile chumba cha waandishi asubuhi iliyofuata, meza, chai inapoa, na mhusika ambaye bado yuko hai kwenye karatasi.

Lakini kijana mmoja wa mtaa wa pili kutoka kwetu anaandika tamthilia, sitaitaja wala wanaoimiliki, na alinieleza alivyoingia. Mwandishi aliyemtangulia alikuwa amekorofishana na wakubwa kuhusu malipo.

"Walinipa skripti tatu za mwisho na kuniingiza kwenye kundi la WhatsApp," alisema. "Basi. Wiki ya pili nikamwandikia yule dada yatima wa kutupwa, analia makaburini. Ikaruka hewani. Watu wakajaa kwenye maoni: 'Mbona mama yake tulimwona kwenye harusi msimu wa kwanza?' Mama yake! Mimi sikujua ana mama."

"Ukafanyaje?"

"Nikamfanya yule wa harusini awe mama mlezi."

Alicheka, nami nikacheka, kwani amepata njia ya haraka na si haba. Ila niliona kitu. Zamani kumbukumbu ya tamthilia ilikaa sebuleni. Watu ishirini waliotazama pamoja walibishana kesho yake kwenye daladala, kwenye foleni ya maji, pale kwa muuza vitumbua, na mhusika akisahau ana ndugu, mtaa mzima ulijua kabla ya saa nne asubuhi, lakini mwandishi hakusikia kamwe. Sasa kila mmoja anatazama peke yake kwenye simu, bando likiruhusu, vipande vipande, na hakuna wa kubishana naye ndani ya nyumba. Ila akiandika malalamiko yake, mwandishi anayasoma kabla hajalala. Kijana yule ameanza daftari. Anaandika humo ukoo wa kila mhusika, makovu, madeni, nani anajua siri ya nani. Robo tatu ya daftari lile, aliniambia, ameipata kwa mama mmoja wa Temeke asiyemjua kwa sura, ambaye hajawahi kukosa kipindi na anamrekebisha kwa herufi kubwa tupu.

Analifanya kwa muda wake. Hakuna anayemlipia daftari.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye tamthilia, walio Mikocheni na walioko kwingine. Mwandishi akitaka kuondoka, mbakisheni wiki mbili akae meza moja na anayekuja. Anayekuja mpeni vipindi vyote tangu cha kwanza avitazame kabla hajaandika mstari, na muwe na daftari ambalo ni mali ya tamthilia, haliondoki na mtu. Mama wa Temeke mtafuteni mumpe hata kiti. Na muda huo wa kutazama ni kazi kama kazi nyingine. Mlipeni.